Kiti cha Mbele ya Pazia

Ijumaa, 6 Machi

Ewe utakayeliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Ukishindwa kulifunga, funga mdomo. Neno moja likifika ghorofa ya tatu, kwa Mkurugenzi, mimi si karani tena. Nina cheti, nina mama, nina woga. Nihurumie kwa vyote vitatu.

Leo nimetenda jambo.

Hapa masjala kila Ijumaa saa tisa tunampelekea Mkurugenzi karatasi za kusaini. Desturi ni kuzipanga kama ngazi, moja chini ya nyingine, ionekane mistari ya saini tu. Yeye husaini simu ikiwa begani. Ya kumi na moja leo ilikuwa yangu. Ni dokezo. Linasema jalada la siri linalokwenda tawini Jumatano haliwezi kuwekwa chini ya kiti wala juu kwenye mizigo. Linahitaji kiti kitupu pembeni mwa mchukuzi, yaani mimi. Na kiti kitupu cha uhakika kipo daraja la biashara peke yake. Kila neno kweli tupu! Kanuni nimeisoma mara nne.

Amesaini. Nimetoka kinyumenyume, kama atokaye kwa mfalme.

Safari yenyewe dakika arobaini. Wengine watasema dakika arobaini hata benchi latosha. Hawajui.

Jumamosi, 7 Machi

Baba alikuwa msafisha ndege. Miaka kumi na tisa, na hakuruka hata siku moja. Ndege ikitua, anaingia. Ikitaka kuondoka, anatoka. Wenzake walimwita Pazia, maana ndiye aliyefua yale mapazia yanayotenga watu wa mbele na watu wa nyuma.

Jumapili alasiri alipanga viti vyetu vya mezani viwili viwili, akatundika shuka kwenye kamba. Mbele ya shuka, mama na dada. Nyuma, mimi na kapu la nguo chafu. Baba alipita na beseni la maji ya moto, akiinua vitambaa kwa koleo la mkaa, akiinama: karibu mheshimiwa, pangusa uso. Nyumba nzima ilinukia ndimu. Nyuma hakikufika kitambaa. Nyuma yalifika maji, kikombe cha bati. Nililia kila safari. Kila safari baba aliniambia zamu yangu ni Jumapili ijayo. Dada alinitolea ulimi kwenye tundu la shuka.

Kisha baba akaugua kifua. Viti vikarudi mezani, vikawa viti tu.

Nina miaka ishirini na sita. Zamu yangu bado.

Nimemwambia mama. Ameacha kupiga pasi. Amesema nikifika huko niangalie kama kitambaa ni cha moto kweli, au marehemu alitutilia chumvi.

Jumatatu, 9 Machi

Muhuri ameinusa tiketi! Ni karani mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa kuwa muhuri wa ofisi anaufungia drooni mwake, na ufunguo anautundika shingoni kama hirizi. Ameuliza kwa sauti, masjala nzima isikie, tangu lini panya akalalia mto. Akasema bahasha ya jalada hataigonga muhuri mpaka ajue nimemroga nani.

Nimemwambia nina haki. Amecheka. Nimemwambia nina saini. Amecheka zaidi. Nimempa meza yangu ya dirishani, mwaka mzima.

Amegonga. Ukubwa jaa.

Jumatano, 11 Machi

Jioni. Nyumba ya wageni, chumba chenye feni inayolalamika. Niandike kwa utaratibu, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi. Safu ya kwanza, dirishani! Jalada kiti cha pembeni, nimelifunga mkanda. Mhudumu ameuliza kama nalo litakunywa kitu. Nimemwambia hapana, ahsante, liko kazini.

Abiria wa nyuma wakaanza kupita. Wa sita alikuwa Mkurugenzi! Mkoba mkononi, anaelekea nyuma. Nyuma! Nikajifunika uso kwa ile karatasi ya maelekezo ya ajali. Akapita. Pazia likafungwa. Sijawahi kupenda kitambaa kama nilivyolipenda pazia lile.

Kisha kikaja. Kwenye sahani, kinatoa mvuke, kwa koleo dogo linalong'aa. Nikakibandika usoni. Ndimu. Ile ile. Baba hakutia chumvi. Nikakaa humo ndani ya kitambaa muda mrefu, mpaka mhudumu akauliza kama kimeniunguza. Nikasema ndiyo. Ni rahisi kuliko kueleza.

Chakula kikaletwa. Nikafungua kijiko. Chakula kikaondolewa, tunatua.

Wa mbele hushuka kwanza. Nikashuka mbio kabla ya Mkurugenzi, kitambaa kibichi kifuani ndani ya shati, zawadi ya mama. Kufika mlango wa nje nikahisi mkono mwepesi.

Jalada! Limebaki kwenye ndege, limefungwa mkanda!

Askari wa mlangoni amesema mlango ule ni wa kutokea, hata kama nimesahau mke. Nimembembeleza. Nimemtajia kanuni. Akanishauri nikae chini nilie vizuri. Ndipo akatoka mama mmoja wa makamo, ovaroli ya buluu, jalada amelikumbatia kama mtoto mchanga. Msafisha ndege. Shikamoo yangu ilitoka kwa kwikwi. Akasema marahaba, mwanangu, na pasi yangu ya ndege niliyoiacha kitini ameichomeka humo humo jaladani, pale bahasha ilipoachia gundi, isipotee.

Akaniuliza jina la mwisho kwenye pasi ni la nani. Nikasema la baba, alikuwa msafisha ndege. Akashika mdomo. Wewe ndiye mtoto wa Pazia? Yule wa nyuma?

Yule wa nyuma! Sifa yangu imenitangulia miji miwili.

Alifanya kazi na baba kabla hajahamishiwa huku. Akasema wakimaliza kusafisha, wenzao walikaa mbele, wakavua viatu, wakajifanya mabwana. Baba hakukaa. Alikwenda safu ya mwisho, jirani na choo, akafunga mkanda, akatazama pazia. Walimcheka. Akawaambia ana mtoto anamlilia kila Jumapili akiwa kiti cha nyuma kama kile, naye anataka kujua anaona nini.

Dereva wa tawi alikuwa anapiga honi. Sikumwambia yule mama hata ahsante. Lo!

Alasiri. Kikao cha tawi, wakuu wote wa idara, nami mleta jalada. Mkurugenzi akafungua jalada la siri. Waraka! Kuanzia leo hakuna mtumishi, awe nani, kupanda daraja la biashara kwa safari ya ndani. Akasema yeye mwenyewe amekaa nyuma kutoa mfano, na magoti hayajamsamehe. Makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Akafunua ukurasa wa pili. Pasi yangu.

Akaisoma. Akaisoma tena. Akauliza ofisi hii ina nani mkubwa kuliko yeye. Macho yake yakatua kwenye shati langu lililolowa kifuani. Akauliza inakuwaje mtu atoke jasho kabla ya kuulizwa.

Nikatoa nakala ya dokezo mfukoni. Mimi ni mtu wa kumbukumbu. Akalisoma kwa mara ya kwanza, mpaka kwenye saini yake. Akasema basi jalada limesafiri vizuri kuliko yeye.

Hukumu: kuanzia Jumatatu, stoo ya majalada ya zamani, chini kabisa. Na kurudi, safu ya mwisho.

Alhamisi, 12 Machi

Jirani na choo. Magoti kidevuni.

Kutoka huku unaona kila kisogo, na mwisho kabisa pazia. Kila mhudumu akikanyaga, linatikisika, unadhani kuna mtu anakuja na kitu chako. Nilipokuwa mbele pazia nililipa kisogo. Sikuliona.

Maji yamekuja, kikombe cha karatasi. Nimeyanywa yote. Sikulia. Karibu nilie.

Jumapili, 15 Machi

Nimechemsha maji. Koleo la mkaa bado lipo. Mama amekaa kiti cha mezani, nikainama, karibu mheshimiwa. Amejifunika uso kwa kitambaa cha ndege mpaka kimepoa. Amesema ni chenyewe. Kisha ameuliza kama yule mama wa ovaroli bado yuko kwenye uwanja ule, angependa kumsikia mwenyewe.

Ningesema nimekoma. Lakini jana nilikwenda kuikagua stoo yangu mapema, nikakuta kanuni za zamani. Ukurasa wa arobaini na moja: jalada la zaidi ya miaka thelathini lisisafiri bila kusindikizwa na mtu aliyelizidi umri. Mama anayazidi yote! Waraka unakataza watumishi. Mama si mtumishi, atakaa mbele ya pazia. Dokezo tayari. Ijumaa, saa tisa, ngazi ya saba. Muhuri ataka kiti changu ndipo agonge. Achukue, stoo kuna maboksi.

Ukinihitaji: shuka ngazi zote, pita jenereta, mlango usio na kitasa. Gonga mara mbili. Usitaje jina langu. Sema umeleta jalada lisilo na namba. Akiitika Muhuri, sema umepotea njia. Kukiwa kimya, pitisha karatasi yako chini ya mlango, uutokeze mstari wa saini tu.

Nitasaini bila kusoma.