Lenzi ya Marehemu Volkmar

Jumatatu, 17 Novemba
Jumapili ijayo, Jumapili ya Wafu ya kuwakumbuka marehemu, ni mashindano ya klabu yetu ya picha: makaburini, kwa lenzi moja tu uliyoitaja mapema. Nikiambulia patupu mwaka wa nne, nafasi ya picha zangu ukutani pale manispaa anapewa Roswitha. Roswitha! Anasema lenzi yangu ya kuvuta vya mbali ni ya wavivu, eti hata jeneza langu nitalivuta nikiwa nimekaa. Mwenyekiti wetu marehemu, Volkmar, alisifu isiyovuta: ukitaka karibu, tembea. Alishinda kila mwaka. Nimemwambia mjane wake, Bi Irmtraud, kwamba Volkmar aliniahidi lenzi yake hiyo. Uongo mtupu. Ameniangalia sana, kisha akanipa, akasema mumewe hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Kabatini nimeona na ya kuvuta. Kumbe mzee naye!

Jumatano, 19 Novemba
Ukungu. Nimepiga picha nikiwa langoni mwa makaburi. Goti linauma, sitembei. Nyumbani nimeitazama picha: kule mbali, karibu na kanisa dogo, mwanamume mwenye kofia. Pale sikumwona mtu.

Alhamisi, 20 Novemba
Langoni tena, nimesimama pale pale. Mwenye kofia amekuwa mkubwa maradufu. Lenzi isiyovuta imevuta! Nywele zilinisimama, kisha nikafurahi. Huyu anatembea badala yangu. Roswitha alipita, akauliza mbona nanuka udongo. Wivu tu.

Jumapili, 23 Novemba
Nimebonyeza mara moja. Kitu baridi kilinigusa shavu. Uso umejaa picha nzima, matone ya ukungu kwenye kope. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii. Ilipowekwa mbele ya klabu, wote walisogea karibu. Roswitha akasema polepole kwamba huyo ni Volkmar. Mimi nilikuwa nasubiri kombe. Katibu Giselher akafungua katiba: ni marufuku kumpiga picha mwanachama. Nikasema amekufa. Akajibu kwamba kujitoa ni kwa barua, na Volkmar hakuandika, kwa hiyo bado ni mwanachama. Picha yangu imeondolewa. Roswitha ameshapima ukuta.

Jumatatu, 24 Novemba
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeandika barua ya kujitoa kwa jina la Volkmar, nikaiacha mezani jikoni pamoja na kalamu ili aitie sahihi, nikaenda kununua mkate. Niliporudi, kiti kilikuwa kimesogezwa, kimelowa. Barua imetiwa sahihi. Ila jina lake limekatwa, limeandikwa langu, Eckhard, na chini yake: mwongo.

Nimekaa sakafuni nusu saa. Kisha nikapata wazo. Nimejitoa, basi najiunga upya. Mwanachama mpya hana mwaka hata mmoja wa kushindwa! Ninachohitaji ni lenzi ya mshindi. Ile ya kuvuta bado imo kabatini kwa Bi Irmtraud. Saa tisa napita kwake, nimwambie hata hiyo niliahidiwa.