Risasi Moja kwa Kila Mnyama

Jumatatu, 3 Juni

Mtunza risasi amestaafu. Macho. Mwezi uliopita alimpa mgeni risasi za nyati akawindie swala, na swala alikimbia na tundu lake, hakuonekana tena.

Kiti chake kiko wazi! Kina mto. Ghala lina dirisha. Hakuna harufu. Mwenye kampuni yetu ya uwindaji, ambaye hata kwenye vikao havui darubini shingoni (ndiyo maana tunamwita Mama Darubini), ametangaza kwamba atakayemletea jedwali zuri kuliko mengine, risasi ipi kwa mnyama gani kwa umbali gani, ndiye atakayekikalia. Mwisho Ijumaa asubuhi.

Nina miaka kumi na minane katika chumba cha ngozi. Nyati, tandala, swala, wote hupita mikononi mwangu kwenda kwenye chumvi. Nanuka. Nimechoka kunuka. Binti yangu hunipa chai akiwa amenyoosha mkono mpaka mwisho, halafu anarudi nyuma hatua mbili. Anadhani sioni.

Mpinzani ni mmoja tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa kampuni. Yeye ananukia sabuni.

Jumanne, 4 Juni

Jedwali linahitaji umbali. Umbali unahitaji mkanda wa kupimia. Mkanda uko kwenye gari la shemeji. Nimwombe shemeji? Thubutu!

Nimepima kwa miguu. Hatua moja, mita moja, kila mtu anajua. Nilianzia nyuma ya karakana, nikihesabu kwa sauti. Buti zangu zimekauka kwa chumvi, zinabana vidole, na la kulia halikunji kabisa. Nikapiga moyo konde. Mia moja, nikasimika ubao wa shabaha. Mia mbili, ubao. Mia tatu, ubao, kisha nikakaa chini.

Ajabu, nilikuwa bado nasikia redio ya karakana. Nilidhani mita mia tatu ni mbali zaidi. Labda nina afya kuliko ninavyofikiri.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji alikuja chumba cha ngozi. Akasema, kwa adabu zote, kwamba mimi nimeona matundu ya risasi ya miaka kumi na minane, na yeye hajui kinachotokea ndani ya mnyama. Akaomba tukae tuangalie ngozi, tuandike pamoja, tuweke majina mawili.

Nilimwona mapema! Anataka kunivika kilemba cha ukoka. Nikamwambia ngozi hizi ni mali ya wageni, nikafunga mlango kwa komeo. Akaniaga akiwa nje na kuniuliza hali ya mguu. Mnafiki.

Mke wangu kapata habari kabla sijafika nyumbani. Kasema harufu ameshaizoea, kinachomchosha ni ujanja wangu. Nilikula peke yangu karibu na dirisha.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi! Bega langu halistahimili bunduki, kwa hiyo mtunza risasi mstaafu amenipigia shabaha. Ubao haoni vizuri, nikawa namwelekeza: kushoto kidogo, bado, hapo hapo. Tulianza na risasi ya nyati, ile nzito yenye kichwa butu, ambayo wote husema ni ya karibu tu, maana ikipelekwa mbali huanguka. Mita mia. Katikati. Mia mbili. Katikati. Mia tatu: chini ya katikati kwa upana wa kiganja tu!

Miaka yote wametudanganya. Hii haianguki! Sasa za nini risasi nyingine? Nimeandika jedwali la mstari mmoja: risasi nzito, wanyama wote, umbali wote. Nani atakosea mstari mmoja?

Nasikia la shemeji lina mistari tisa. Nzito ngumu kwa nyati wa karibu, ncha laini kwa tandala, nyepesi iliyochongoka kwa swala wa mbali. Maskini. Nilijaribu kumhurumia nikashindwa.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mama Darubini alisoma ukurasa wangu mara mbili, na haukuchukua muda. Akasema hatajeruhi mnyama kwa ajili ya karatasi ya mtu, tutajaribu kwanza kwenye ubao. Akamwagiza shemeji alete mkanda.

Ubao wangu wa mita mia tatu uko mita mia moja themanini na moja.

Wakausogeza. Mpaka mpishi wa kambi akaja na mwiko mkononi kutazama. Mama Darubini akapiga mwenyewe. Vumbi likaruka mbele ya ubao. Akapiga tena. Vumbi tena. Mpishi sasa ananiita Bwana Mita.

Kisha yule mama akaniuliza, bila ukali, ngozi zinasemaje. Nikajibu tu, nilikuwa nimechoka. Kwamba ncha laini ikimpata nyati kwa karibu hupasuka begani na kuishia hapo, ndiyo maana hukimbia na jeraha. Kwamba nzito ngumu humpita swala ikaacha tundu dogo, akaenda kufia asikoonekana. Kwamba ngozi za tandala zilizo safi ni za ncha laini, umbali wa wastani. Niliongea muda mrefu. Shemeji aliandika. Nilipomaliza, hata mpishi alikuwa ameketi chini, mwiko magotini.

Mama Darubini akasema hilo ndilo jedwali alilolitaka. Na lilikuwa langu. Lakini chini ya karatasi yake shemeji alikuwa ameandika kwamba haijakamilika mpaka mtu wa ngozi aulizwe, na Mama Darubini anasema ghalani anataka mtu anayeuliza. Kiti amepewa yeye.

Nililia kidogo chumba cha ngozi. Chumvi, nitasema wakiuliza.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji kaja nyumbani. Kasema ghala linahitaji watu wawili, amekwisha kuniombea, na Mama Darubini amekubali. Niandike tu yale ya jana kwenye daftari, nilete Jumatatu. Kiti cha pili hakina mto, lakini kiko dirishani. Binti yangu alikuwa anasikiliza. Alikuja akasimama karibu yangu kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Nimewaza sana. Kiti kisicho na mto! Daftari sijaligusa. Kosa lilikuwa buti, risasi haina hatia. Mstari mmoja bado ni mstari mmoja, na kesho nitamthibitishia Mama Darubini mbele ya mpishi.

Safari hii sipimi kwa miguu. Nimechukua kamba ya mke wangu ya kuanikia nguo. Mita kumi kamili, na ni ya mpira, ukiivuta inafika mbali zaidi.

Nguo zilikuwa bado mbichi. Nimezianika chumba cha ngozi, juu ya magunia ya chumvi. Gauni la shule la binti yangu nimeliweka juu kabisa, lisichafuke.