Mfagiaji wa Shimo la Sita

Jumapili, 2 Novemba

Tangazo limebandikwa. Katika mahafali ya mwezi ujao mhitimu mmoja atahutubia kwa dakika nane. Mmoja, kati ya mia sita. Tumebaki wawili: mimi na Manal. Manal huzungumza kama mtu anayeomba radhi kwa kuingia mlangoni. Mimi nimewahi kuusimamisha mkahawa wa chuo kwa hotuba moja, juu ya meza, mpaka wali ukapoa. Historia imekwisha kuchagua. Iliyobaki ni kamati.

Mwenyekiti wa kamati ni Dkt. Masouda wa Kitivo cha Sayansi. Sijapata kumwona ila pichani, akiwa na joho na miwani. Kaka yangu Safwan anasema mama huyo hucheza gofu kila wiki katika uwanja wa umma, njia ya Qurayyat. Gofu! Mwaka jana nilichapisha kurasa sita katika gazeti la wanafunzi kuthibitisha kwamba gofu ni ubeberu uliovaa glavu. Nimezisoma upya leo. Bado ni kweli, na bado nitakwenda. Mpiganaji huingia ngomeni kwa mlango uliopo.

Bibi Mahfudha amekwisha kuutangazia mji wetu wote wa Matrah kwamba mjukuu wake Ghaliya atahutubia. Nikamwambia hawajachagua. Akasema, "Nnajua. Ila nguo nishaipeleka kwa fundi."

Jumanne, 4 Novemba

Maafa ya kinadharia. Uwanja hauna majani. Mchanga na mawe toka mwanzo hadi mwisho, vilima viwili, mbuzi sita. Penye shimo pana duara la mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke. Kila mchezaji hutembea na kipande chake cha zulia la nyasi bandia: hukitandika, huweka mpira juu yake, hupiga, hukikunja, huendelea. Ada ni riali mbili. Waliotutangulia walikuwa dereva wa teksi na wauguzi wawili. Nilitumia kurasa sita kuyalaani majani ambayo hayapo na mabwana ambao hawakuja.

Mtunza uwanja ni Khalil, mtu wa Tanga, ajuaye kila kanuni na kila mbuzi. Alinieleza kanuni zote. Sikuzisikiliza, nilikuwa nikitunga aya. Pigo langu la kwanza: zulia lilikwenda mbali kuliko mpira. Khalil akauliza kama nataka kuhesabiwa zulia. Shimo la kwanza, mapigo kumi na tisa. Safwan, aliyenileta, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamkumbusha kwamba kila harakati kubwa huanza kwa kushindwa. Akasema basi hii itafika mbali.

Hata hivyo, ushindi mmoja. Khalil ameniandika nicheze Ijumaa na Dkt. Masouda.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda peke yangu kufanya mazoezi, na nimerudi mtu mwingine.

Kwenye shimo la sita nilimkuta mama mmoja mtu mzima, kofia ya ukindu kichwani, mtandio umemfunika uso kwa ajili ya vumbi, macho tu nje. Anafagia lile duara kwa ufagio mpana, polepole, akirudi kinyumenyume. Jua la saa nne. Pembeni pana mfuko wa fimbo za gofu, maana hawakutosheka kumfagiza, wamembebesha na mizigo. Akanisalimu kwa Kiswahili, lugha ya kwetu nyumbani, si ya nchi hii. Moyo ukapasuka.

Nikamwambia, mama yangu, nyayo unazofuta si zako. Akasema ni zake. Ndivyo dhuluma inavyofanya kazi: mdhulumiwa huzikiri hata nyayo za wengine. Nikamwelezea. Nilianza na watumwa wa mashamba, nikapitia makuli wa bandari, nikafika kwa wale waliosoma kisha wakasahau. Nikamtajia Dkt. Masouda, mwanamke wa elimu, ajaye hapa kila wiki kuchezea mpira huku akina mama kama yeye wakimfagilia njia. Akauliza kwa upole kama huyo Masouda ni mbaya kiasi hicho. Nikasema ni mbaya zaidi, na kesho itanilazimu kumchekea kwa ajili ya dakika nane. Akasema, "Pole, mwanangu. Kazi ngumu hiyo."

Alitazama saa yake mara tatu. Bila shaka anamwogopa msimamizi. Hapo nikaukamata ufagio, nikautupa bondeni. Mama akautazama unavyobingirika, akanitazama mimi, akaketi juu ya jiwe. Uhuru humpata mtu hivyo, ghafla, na hana pa kuuweka.

Nimemkomboa mwanadamu mmoja. Kwa siku ya Alhamisi inatosha.

Ijumaa, 7 Novemba

Mkono mzito. Nitaandika kwa ufupi.

Alasiri Khalil akanipeleka kwa Dkt. Masouda. Kofia ya ukindu. Mtandio. Akaushusha, akavaa miwani, akawa yule wa pichani. Khalil akaanza kututambulisha. Dkt. akasema tushaonana.

Khalil akanivuta pembeni. Alikuwa ameshinda asubuhi bondeni akiutafuta ufagio, na hakuupata. "Dada, si nilikwambia Jumanne? Huku kila mtu anafagia nyayo zake mwenyewe. Kama chooni tu: ukitoka, umwachie mwenzio pasafi."

Nilijaribu kujinasua. Nikamwambia Dkt. kwamba jana nilikuwa katika mazoezi ya tamthilia. Akauliza inaitwaje. Haikuwa na jina. Nilikuwa nimekusudia pia kumwachia ushindi kwa heshima, haikuhitaji kusudi. Tulipofika shimo la sita hapakuwa na cha kufagilia. Nikapiga magoti nikazifuta nyayo zetu kwa viganja, naye amesimama juu yangu akinionyesha nilipobakiza. Ndiyo hasa picha ambayo makala yangu ilihitaji mwaka jana, na sikuipata.

Jumapili, 9 Novemba

Manal.

Dkt. Masouda aliniita ofisini kabla ya kubandika jina. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Matusi hayakumsumbua, alisema wanafunzi wamemwita mabaya zaidi, tena kwa makosa ya tahajia. Tatizo si moto, moto ninao. Tatizo ni kwamba nilisimama mbele yake kwa dakika arubaini, na katika arubaini zote sikumwuliza jina lake. Wala anatoka wapi. Wala kama anataka kuacha kufagia. Alikuwa akingoja swali moja tu. Kisha akaanza kungoja mwisho, nao haukuja.

"Anayetaka kuwasemea watu mia sita," alisema, "aanze kwa kumwuliza mmoja."

Niliinuka, nikapita ukumbini. Walikuwa wakijaribu vipaza sauti. Mtu mmoja alikuwa akihesabu moja, mbili, tatu kwenye jukwaa langu, bila hisia yoyote.

Nyumbani nikamweleza bibi. Akasema nguo itangoja arusi yangu, kama nayo haina kamati. Akaingia chumbani kuwapigia simu watu wa Matrah, mmoja mmoja. Nilimsikia mpaka magharibi akisema, "La, si huyu wetu. Mwengine." Kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Miaka minne nimekuwa nikisema. Leo nimekaa ukingoni mwa kitanda, sina wa kumwambia, wala la kumwambia. Alilonena Dkt. ni haki. Nimelikubali. Nimeliandika kwa wino mwekundu juu ya meza yangu: ULIZA.

Jumatano, 12 Novemba

Jana Manal alikuja nyumbani, macho mekundu. Anaogopa jukwaa. Anataka nimsaidie. Alikuwa na karatasi yenye sentensi tatu juu ya baba yake, aliyekuwa dereva wa basi la shule huko Sidab miaka ishirini, akafariki mwezi wa tatu, kabla ya kumwona bintiye akihitimu. Alitaka kujua kama sentensi tatu zinatosha, au aongeze ile habari ya baba kumwekea kiti cha mbele basini. Alikuwa bado anaeleza. Nikamshika mikono, nikamwambia asijichoshe, anipe karatasi, akalale.

Nimeandika mpaka alfajiri. Sijapata kuandika hivi. Kurasa ishirini na mbili. Inaanza na mkulima wa kwanza duniani, inapita katika himaya zote, na nusu yake ya pili inahusu ufagio. Ukumbi utasimama. Dakika nane ni kanuni ya waoga. Hakuna atakayethubutu kumkata. Zile sentensi tatu ilibidi nizitoe, zilivunja mtiririko, lakini baba yake nimempa tanbihi ukurasa wa kumi na nne.

Nimempelekea saa moja asubuhi. Sasa ni alasiri na hajajibu. Bila shaka bado analia kwa kuguswa.