Pingamizi Kuhusu Meli za Anga Zinazofika Upesi Mno

Mkuyuni, Mwanza
14 Juni 1977

Kwa Ndugu Dorotea Mayala,
Katibu wa Kamati ya Kanuni,
Klabu ya Mchezo wa Nyota.

Ndugu Katibu,

Shikamoo uliyonipa Jumamosi niliiitikia kwa mkato, nikaondoka bila kuaga. Naomba radhi. Nilikuwa na hasira, na wewe niliyekufundisha darasa la nne hukustahili kuiona. Leo nimetulia, ndiyo maana naandika kwa wino.

Jambo lenyewe unalijua, lakini nalieleza ili liingie katika kumbukumbu. Katika mchezo wetu kila mchezaji ana sayari zake ubaoni na meli zake za vizibo vya soda. Kila Jumamosi tunacheza mzunguko mmoja, na kanuni inasema kwamba mzunguko mmoja ni mwaka mmoja. Mimi nimebakiwa na sayari moja tu, niliyoipa jina la mke wangu, Kokushubira. Jumamosi Ndugu Malimi Shimba, karani mstaafu wa mizani ya pamba, alizielekeza huko meli zake kumi na mbili. Jumamosi ijayo zitafika, nami nitakuwa nimetolewa. Kisha akasimama mbele ya wanachama wote akatangaza, "Mwalimu, mwambie shemeji afungashe! Wiki ijayo anaolewa Usukumani, na hiyo migomba yenu tunang'oa, tunapanda pamba!" Watu walicheka. Wewe pia ulicheka, Ndugu Katibu. Nilikuona.

Sipingi utani; sisi Wahaya wa mji huu tumeuzoea. Ninachopinga ni hesabu ya wakati, na hoja zangu ni hizi:

1. Mwendo wa meli. Mwalimu Mihayo, aliyeubuni mchezo huu, alitueleza mwenyewe kwamba mwanga wa nyota iliyo jirani kabisa na jua letu hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia. Mwanga haupakii abiria, hausubiri dizeli, wala haukaguliwi njiani. Meli za Ndugu Malimi, zilizobeba askari, mbuzi na mbegu za pamba, zinawezaje kutoka nyota hadi nyota kwa mwaka mmoja? Waliokwenda mwezini walisafiri siku nne, na mwezi tunauona tukiwa uani. Mwaka jana nilikwenda kumjulia hali mgonjwa nikarudi siku ya tatu, kwa sababu lori lilivunjika springi. Nilikuwa nimekwenda Misungwi, hapo jirani tu.

2. Ujenzi. Kanuni inaruhusu kijiji kizima kuota katika sayari mpya kwa mzunguko mmoja, pamoja na zahanati, ghala na shule. Kabla ya kuhamia mjini nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa kwa miaka mitano. Kisima kimoja kilitugharimu vikao kumi na saba: vinne vya kuchagua mahali, vitatu vya kumteua wa kuandika barua ya kuomba pampu, na kumi vya kuulizana barua imefikia wapi. Pampu ilipofika ilikuwa ya kijiji kingine. Naomba iandikwe wazi kwamba angani hakijengwi kitu kabla ya kikao, na hakuna kikao kabla ya akidi kutimia. Watu wa Ndugu Malimi hawajakutana hata mara moja.

3. Umri. Nahodha wake, anayeitwa Ngosha, ameongoza meli zile tangu mzunguko wa kwanza, na sasa tuko wa sitini na nane. Kama alianza kazi akiwa kijana wa miaka thelathini, leo anakaribia mia moja, na bado anavamia watu. Mimi nilistaafishwa nikiwa na hamsini na mitano, nasoma bila miwani. Manahodha wazeeke, wastaafu, wafanyiwe tafrija, na warithi wao wapelekwe kozi. Wakati wa kozi, meli zisimame.

4. Kwa kuwa hoja hizo tatu hazikataliki, ya nne inafuata yenyewe. Mzunguko unaoitwa mwaka uchezwe kwa mwaka. Tukutane mara moja kila Juni, kisha ubao ufungiwe kabatini na ufunguo ukae kwako. Meli za Ndugu Malimi zikipewa mwendo wa haki, ambao kwa hesabu yangu ni miaka themanini, zitafika Kokushubira mwaka 2057. Nitakuwa na umri wa miaka mia moja thelathini na tisa, na nitampokea kwa heshima zote.

Usidhani kwamba naogopa kushindwa. Tatizo liko nyumbani. Katika miaka thelathini na minne ya ndoa, sayari hiyo ndiyo kitu pekee nilichowahi kukipa jina la mke wangu. Siku nilipomwambia alicheka hadi jioni, akapita kwa majirani kuwaeleza. Sasa habari za Jumamosi zimemfikia. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Kila akinipakulia ndizi husema, "Kula ushibe, Mwalimu. Jumamosi mpishi anahamia kwa Malimi." Siwezi kurudi nyumbani nikamwambia kwamba siku hizi anaitwa Shamba la Pamba Namba Tisa.

Nisalimie wazazi wako, Mwalimu Mihayo, wanakamati wote, na Mama Odeta anayetuuzia maandazi mlangoni. Ndugu Malimi naye msalimie, lakini salamu zake zisiharakishwe.

Ni mimi, ninayesubiri kwa adabu,
Gosbert Apolinary,
Mwalimu Mstaafu.

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu barua hii kabla ya kufunga bahasha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba nimpangie ubao mezani kwa punje za maharage. Akautazama, akauliza, "Huyu Malimi meli zote kumi na mbili katuletea sisi? Kwake kabaki nani?" Hajabaki mtu. Nina meli mbili za kubebea ndizi, Jumamosi mimi ndiye ninayeanza, na sayari yake kuu iko karibu nasi: meli zangu zitafika mzunguko huo huo, kabla ya zamu yake. Anayepoteza sayari kuu ameshindwa papo hapo. Kanuni hiyo ni nzuri sana na isiguswe. Kwa hiyo nakuomba, Ndugu Katibu, usiisome barua hii mbele ya Kamati kabla ya Jumamosi jioni. Ndizi mbichi haziwezi kukaa njiani miaka themanini.