Mabano Yangu Ukutani

Leo aibu yangu imewekwa ukutani kwa projekta, kwa herufi kubwa, hata aliyekaa nyuma kabisa ameisoma.

Kazi yangu ni kuandika cahier des charges, yaani maelezo ya kila kitu ambacho programu inapaswa kufanya, ili mafundi waitengeneze bila kubahatisha. Bado niko kwenye majaribio. Leo ndipo Chef, mkubwa wetu wa kazi, alikuwa aamue kama ninabaki, au ninarudi kukaa nyumbani Ngezi na diploma yangu.

Mteja wetu ni Mama Kavira, mwenye malori ya mizigo kati ya Mambasa na Bunia. Anataka wateja wake wapate ujumbe wa kuwaambia mizigo yao imefika wapi.

Mara ya kwanza niliandika kwa kifupi. Chef akanirudishia: andika kila kitu, fundi asibaki akijiuliza. Basi nikaandika kila kitu. Hata wasiwasi wangu niliuweka, kwenye mabano, nisisahau kuuliza. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu makini, juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika: "Maneno yote yawekwe kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza." (Sentensi hiyo niliirudia kuisoma kwa raha.)

Fundi wetu, Héritier, ni mtu wa kutii.

Mama Kavira ameketi mbele, Héritier akaanza kuonyesha kazi. Ukurasa wa kwanza, safi. Nikaanza kupumua. Kisha akabonyeza mzigo uliochelewa:

"Mzigo wako umechelewa. (Tuwaambie ukweli? Njia ni matope, lori limekwama, hatujui litafika lini.)"

Chef akaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Nikampungia Héritier mkono afunge. Yeye akaelewa aendelee.

"Andika neno la siri. (Mama Kavira asiulizwe mara mbili, ni mkali kuliko askari wa barrière ya barabarani.)"

Mama Kavira aliisoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno. Kisha akauliza nani aliandika.

Héritier akainua mkono. "Ni miye, Mama. Nilisahau kufuta."

Hakuwa na kosa hata chembe! Nikafikiria kunyamaza. (Nilifikiria vizuri sana.) Lakini mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Hapana, Mama. Ni miye."

"Miye niko mukali?"

Chef alikuwa anakagua dari.

Mama Kavira akacheka mpaka akavua miwani. Akasema ile ya neno la siri tuifute, askari wasije wakakasirika kulinganishwa naye. Ile ya njia ya matope akaionyesha kwa kidole.

"Iyi muiache," akamwambia Chef. "Batu banachoka kuambiwa 'kesho, kesho.' Muandike tu vile huyu mutoto aliandika: njia iko mbaya, hatujue."

Chef akakubali. Alipokwisha kumsindikiza Mama mlangoni akarudi kunieleza kwamba ninabaki kazini, ila nikionekana tena na mabano, atanisindikiza na mimi.

Héritier, sahani ya sombe ya mchana ni juu yangu hadi utakapoichoka. Chef, asante. Mama Kavira, asante zaidi. Ninyi wengine wa ofisini, naomba msicheke (Mama amechukua namba yangu, nitawasemea kwake).