Kisiwa cha Ukoo wa Mipango

Mipango aliingia kantini ya chuo kikuu kutafuta chai ya bure, akatoka na dili. Meza ya jirani wahadhiri wawili walikuwa wakizungumzia "ruzuku ya mbegu." Mwanzoni alidhani ni mahindi, akataka kuondoka. Kisha akasikia kwamba mbegu zenyewe ni fedha za kuanzishia utafiti, kwa yeyote anayechunguza kisiwa kwa picha za shirika la anga, na kwamba visiwa vyote vya ziwa lililo karibu na chuo vimeshagawanwa na wenzao. Mmoja wao, mhadhiri wa jiografia, alikuwa amebaki mikono mitupu. Bila ruzuku hiyo, mkataba wake wa kazi ungeishia hapo.

Mipango alinyoosha tai. Watu wa aina yake hawakosi tai.

"Daktari, samahani kwa kuingilia. Sisi kwetu tuna kisiwa cha ukoo. Hakuna msomi aliyewahi kukigusa."

"Mbona sijawahi kukisikia?"

"Ungekisikia wapi? Sisi si watu wa kelele."

Akafungua picha ya setilaiti kwenye simu, akahangaika nayo kidogo, akamwonyesha doa la kijani katikati ya maji. Mhadhiri, na shahada zake zote, alilitazama kama mwenye njaa anavyotazama sufuria. Ruhusa ya ukoo ilimgharimu gari lake dogo, kwani wazee, alieleza Mipango, hawapendi kushikashika noti. Funguo zilikabidhiwa mbele ya kantini nzima. Mipango akatoa hotuba fupi kuhusu babu yake aliyezikwa kisiwani, na watu wawili watatu wakainamisha vichwa.

Picha iliyofuata, kisiwa kilikuwa kimehama. Iliyofuata, kimehama tena. Yalikuwa magugu maji tu, yanaelea. Mhadhiri alijifungia ofisini akalia kwa aibu, akalia kwelikweli. Alipochoka kulia akajiuliza: kinaelekea wapi? Swali hilo ndilo lililompa ruzuku. Wafadhili walifurahi kuletewa kisiwa chenye safari.

Kilikuwa kinaelekea bandarini. Kilipofika kiliziba gati, vivuko vikakwama, abiria wakaporomosha matusi. Mkuu wa bandari akaja chuoni na askari, akamkuta mhadhiri kantini. Mipango naye alikuwepo, anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Mimi nakichunguza tu," mhadhiri alisema kwa upole. "Mwenyewe ni kaka huyu hapa. Muulizeni mtu yeyote humu."

Kantini nzima ikaitikia kwa vichwa. Mipango alipiga hesabu haraka: akikana kisiwa, gari ni la utapeli, na askari huyo hapo.

"Ni cha ukoo," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ukoo ukakiondoe."

Kesho yake Mipango alikuwa majini hadi kiunoni, tai begani, akifunga kamba kwenye magugu. Ncha ya pili ilifungwa kwenye lile gari dogo, lililokuwa likifuka moshi ufukweni. Mhadhiri alisimama kando na kompyuta yake.

"Kaka, taratibu basi," alimwambia. "Setilaiti inapita kesho, na mimi bado nakihitaji."