Firigisi ya Mzee William

Jumamosi, 20 Desemba 2025. Mbinga.

Mwaka huu firigisi ni yangu! Nimeapa mbele ya kioo, na kioo hakikubisha.

Nieleze vizuri, wajukuu wakija kusoma wasiniite mlafi. Kila Krismasi kule Lipingo, kando ya ziwa, ukweni kwangu, baba mkwe wangu Mzee William huiweka firigisi ya jogoo wa sikukuu kwenye kisahani chake peke yake. Anasimama, anamshukuru Mungu, halafu anampa mtu mmoja tu: yule aliyeifurahisha nyumba kuliko wote mwaka huo. Mimi na Siwema huu ni mwaka wa tisa wa ndoa. Nimekula mapaja. Nimekula shingo. Mwaka mmoja nilipewa miguu. Firigisi, sijawahi hata kuinusa.

Na anayeipata ni nani? Hamphrey! Mwanyumba wangu, aliyemuoa dada yake Siwema. Mvuvi. Anakaa jirani kabisa na wakwe, kila siku anaonekana, kila siku ana samaki mkononi. Mtu wa namna hiyo utamshindaje? Mimi niko huku milimani na kahawa yangu, na Mzee mwenyewe hanywi kahawa.

Lakini safari hii nina jogoo. Nimemlisha mahindi tangu Agosti. Anatembea uani kama mwenyekiti wa kijiji. Siwema kaniuliza kama tunakwenda kusherehekea au kushindana. Nimemjibu vyote viwili.

Jumapili, 21 Desemba. Lipingo.

Tumefika salama. Jogoo kafika na afya kuliko mimi.

Nilichuchumaa, nikamwamkia Mzee shikamoo, nikamwamkia mama mkwe macho yakiwa chini inavyopasa, kisha nikamtoa jogoo kwenye tenga. Mama mkwe akaweka mkono kifuani. Akamgeuza, akamfungua bawa, akampapasa kifua, akasema tangu azaliwe hajaona jogoo wa hivi. Nikamtupia jicho Hamphrey. Alikuwa anatabasamu tu, mnafiki yule.

Ndipo mama mkwe akauliza jogoo mzuri hivi achinjwe kwa kosa gani. Huyu ni wa mbegu, akasema, na akampeleka kwa matetea yake. Atakayechinjwa ni jogoo wa Hamphrey. Tangu Agosti! Mahindi yangu yote yale!

Hamphrey alinipa pole. Pole ya nini? Anajifanya.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Mzee hakunitania. Mwaka jana alisema Wamatengo tunalala tumejifunga kamba kitandani tusije tukaporomoka mlimani, akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Leo aliitikia marahaba, akauliza habari za kahawa, akarudi kulitazama ziwa. Siwema anasema tangu wamzike baba mdogo Henry mwezi wa sita, baba yake amekuwa hivyo. Mama mkwe amemwambia angetoa chochote akisikie tena kicheko cha mumewe.

Imeniuma. Nampenda sana yule mzee. Huwa tu sijui pa kuanzia kumwambia.

Jumatatu, 22 Desemba.

Mzee kaenda Mbamba Bay kwa shughuli za kanisa na kununua mchele wa sikukuu. Atarudi keshokutwa. Na mimi, nikiwa napiga mswaki, nikapata wazo. Nusura nimeze dawa ya meno!

Ngolo!

Sisi kwetu tunalima ngolo. Unafyeka nyasi, unazilaza kwa mistari inayokatana mpaka shamba linakuwa kama madirisha, unachimba katikati ya kila dirisha na udongo wake unafunika zile nyasi. Mlima mzima unakuwa mashimo. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni na udongo haubebwi. Wazee wetu walikuwa na akili! Huku ziwani hawana hata shimo moja. Nitamchimbia Mzee ngolo pale kwenye kiwanja cha kando ya nyumba. Atarudi, ataona, atafurahi, na firigisi itajua yenyewe pa kwenda.

Siwema katoa hoja nne. Kwamba ngolo ni za mlimani na hapa ni tambarare. Kwamba kwetu ngolo huchimbwa Machi, mvua zikielekea kwisha, siyo Desemba. Kwamba pale ni udongo mweusi, maji yakiingia hayaondoki, ndiyo maana zamani walipanda mpunga. Na kwamba kwa Wamatengo mwanaume hufyeka na kulaza nyasi tu, wanaochimba ni wanawake, na yeye amekuja likizo, jembe hatalishika hata akiitiwa mjumbe.

Hiyo ya nne ndiyo pekee iliyonitisha.

Kupitia kwa Siwema nimemwomba mama mkwe ruhusa ya kusafisha kile kiwanja. Amenishukuru sana, kwa sababu ndipo wageni wa Krismasi watakapokaa. Nimefyeka kila kitu. Habari za kuchimba sikuzitaja. Mtu unamharibiaje mwenzio furaha ya kushtukizwa?

Jumanne, 23 Desemba.

Jamani, wanawake wa Kimatengo wapewe heshima yao! Mikono yote malengelenge. Mgongo haunyooki. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Lakini mashimo yapo. Mazuri! Makubwa kuliko ya kwetu, maana nilitaka Mzee ayaone akiwa mbali. Binti yetu Notburga alikaa nami muda wote akiyapa majina. Shimo la Babu. Shimo la Bibi. Shimo la Baba ni lile lililokaa upande. Nilimwambia halijakaa upande, akasema Baba njoo ulione kutoka huku.

Mama mkwe alikuwa ufukweni akianika usipa, vile vidagaa vya ziwani. Aliporudi na ungo wake alisimama akatazama. Akamuuliza Siwema kile ni nini. Siwema akamwambia muulize mkweo. Mama mkwe kwa heshima hawezi kunihoji hivihivi, basi akaingia jikoni akiongea peke yake Kinyasa. Nadhani ni sifa.

Halafu akaja nani? Hamphrey, na samaki, mbasa mnene kama paja langu. Akazunguka mashimo, akauliza kwa adabu kama nafuga samaki. Nikamwambia huu ni utaalamu, asingeuelewa haraka. Akasema sawa, akavua shati, akaomba jembe anisaidie. Nikakataa katakata! Namjua. Angechimba shimo moja halafu adai nusu ya firigisi.

Jumatano, 24 Desemba.

Mvua.

Sijui niandike nini. Mvua!

Ilianza alfajiri na ikanyesha kama imetumwa. Kufikia kifungua kinywa ngolo zilikuwa zimejaa pomoni. Kiwanja cha wageni kimekuwa bwawa lenye vyumba. Siwema alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniinulia vidole vinne. Bora angesema.

Mvua ilipopungua nikachukua ndoo nikaenda kuchota. Nachota shimo la Bibi, maji yanarudi kutoka shimo la Babu. Mara bata wa mama mkwe wakasikia habari. Hawa ni bata ambao kila siku hufukuzwa kule ziwani warudishwe nyumbani. Leo walikuja wenyewe, mstari mmoja, vifaranga nyuma. Nikawafukuza. Nikateleza. Nikaingia shimo la Baba mpaka mapajani, na tope likaishika suruali. Nikavuta mguu. Mguu ukaja, suruali ikabaki! Nilikuwa na bukta ndani, namshukuru Mungu na namshukuru Siwema aliyenilazimisha kuivaa. Nikageuka: mama mkwe huyo hapo. Akajifunika uso kwa kanga akakimbilia nyuma ya jiko. Niliona mabega yake yakitikisika. Nikajua nimemliza mama wa watu mkesha wa Krismasi.

Na Mzee ndiyo anashuka kwenye bodaboda na mchele wake.

Alitazama kiwanja. Alinitazama mimi. Akauliza, baba, ni nini hiki? Nikasimama wima, ndoo mkononi, nikamwambia shikamoo Baba, hiki ni kilimo cha kuhifadhi maji. Wakati huohuo bata mama akapita katikati ya miguu yangu na watoto wake wote, mmoja mmoja, bila haraka.

Mzee akautua mchele. Akanyoosha kidole kule ziwani, akauliza kama yale maji ya kule yalikuwa hayatoshi, mpaka nimesogeza mengine mlangoni kwake.

Halafu akacheka! Kwanza puani. Halafu tumboni. Akashika nguzo ya baraza, akacheka mpaka kofia ikaanguka, akakohoa, akanitazama bukta, akaanza upya. Mama mkwe akatoka mbio jikoni. Hakunitazama mimi kabisa. Alimtazama mumewe, akicheka na machozi yanamtoka. Siwema naye hoi, kaketi chini na kikombe chake. Watoto wa jirani walikuwa tayari wameingia mashimoni na Notburga anawagawia vyumba.

Hamphrey ndiye aliyenivuta mkono nikatoka. Suruali yangu aliitoa yeye, akaisuuza, akaianika. Anatafuta nini mtu yule?

Basi. Nimeaibika ukweni. Firigisi imekwenda na maji. Nimekosa hata hamu ya kula. Nimeonja mbasa kidogo tu, vipande vitatu. Na mkia.

Alhamisi, 25 Desemba. KRISMASI!

Imekuwa yangu! IMEKUWA YANGU!

Nitulie. Kanisani tuliimba mpaka sauti zikakauka. Mimi Mkatoliki, lakini kwa Waanglikana hawa niliimba besi kwa sauti ya juu kabisa, Siwema ananikanyaga mguu. Kurudi nyumbani, jua kali. Wageni hawana pa kukaa, si ndiyo? Wakakaa kwenye matuta, kati ya shimo na shimo, kama waliopangiwa! Wali ukapita, usipa, mbasa wa nazi, jogoo wa Hamphrey. Watoto wanakula, miguu ikiwa majini. Bata wanazunguka kuokota punje. Watu walicheka tangu salamu mpaka kunawa mikono.

Ndipo Mzee akasimama na kisahani. Moyo wangu ulidunda, halafu nikauambia acha ujinga, tazama sahani yako, umepewa shingo.

Mzee alishukuru kwa mvua, kwa mihogo, kwa wajukuu, kwa mke wake. Akasema mwaka huu amemzika Henry, ndugu aliyekuwa anacheka naye tangu utotoni, na alidhani kicheko walikifukia pamoja. Akasema jana kimerudi. Kilirudi na bukta, kimeshika ndoo.

Akasema, Tarsisi, mwanangu, njoo.

Mwanangu! Hakusema mkwe.

Nilipokea kwa mikono miwili. Hamphrey alipiga makofi kuliko wote. Nikakiweka kisahani mbele ya mahali pangu na, kwa kuwa mtu hawezi kupokea heshima kama ile akakaa kimya, nikasimama kutoa neno. Nilieleza ngolo tangu mwanzo. Nyasi, mistari, mteremko. Nikatumia mikono. Nikatumia kijiko. Nilikuwa nimefikia faida za udongo wa chini niliposikia watu wanacheka mahali pasipochekesha. Nikageuka. Notburga amepiga magoti mbele ya kisahani changu, analamba vidole. Kisahani cheupe!

Aliniuliza kama ipo nyingine.

Miaka tisa. Nilitaka kulia. Badala yake kikanitoka kicheko ambacho sikukipanga, nikamnyanyua yule mtoto, mdomo wake una mafuta, akanibusu na mafuta yake. Mzee anacheka upande huu, Siwema upande ule. Niandike tu, hakuna anayenisoma: sijapata kufurahi namna ile katika maisha yangu. Nilishukuru hata kwa mvua.

Ijumaa, 26 Desemba.

Nimeamka na akili safi. Nimeyachambua yote.

Kwanza, ngolo zimefanikiwa. Firigisi ni ushahidi. Habari ya bukta Mzee aliitaja kwa utani tu. Wazee wa huku hawapendi kusifia kilimo hadharani.

Pili, asubuhi Mzee aliniomba kwa upole nimsaidie kufukia mashimo. Nimeelewa. Hataki majirani waige kabla yake.

Tatu, Hamphrey. Alikuja na jembe lake bila kuitwa, akafukia na mimi kutwa nzima, anapiga mluzi. Mchana akanigawia muhogo wake wa kuchoma. Tumefukia shimo la Baba pamoja, tukacheka, na ghafla nikaona nimekuwa nikimwonea mtu huyu miaka yote. Hana baya. Ndugu mzuri kabisa. Nimejisikia vibaya, na nimeamua lazima nimshukuru. Siyo kwa maneno. Maneno kila mtu anayo.

Ana uwanja mkubwa pale kwake, tambarare, umefagiliwa vizuri, haufanyi kazi yoyote. Mwaka Mpya yeye na familia yake wanakwenda Mbaha kusalimia, watalala huko. Siwema sijamwambia.

Jembe nimeshaazima. Kanipa Hamphrey mwenyewe, akanishukuru kwa kupenda kazi.